Maji ya Mjomba

Hewa Bora, Lubumbashi
14 Aprili 2024

Yaya Donat,

Kaka yangu, usishangae kupokea karatasi kama enzi za marehemu baba. Simu yangu imekwenda. Myriam ameiuza, nayo ni ya tatu, kwa hiyo nimeamua kwamba nyumba hii haitakuwa na simu tena. Barua hawezi kuiuza, maana hakuna wa kuinunua. Nampa Jeannot, yule dereva wa basi dogo la Likasi. Anasema kila wiki anafika Kambove na anakujua, kwa sababu ulimchomelea mlango wa basi lake.

Nakuandikia wewe kwa sababu kwetu sisi Wabemba mtoto wa dada ni wa mjomba, na tangu baba yake Myriam afariki sina mwingine wa kumwambia. Huyu mtoto ni wako. Mimi nilimzaa tu.

Mwezi uliopita jirani yangu Ramla alifiwa na dada yake, Kulthumu. Tulikwenda kilioni, na Myriam alilia vizuri kuliko hata watoto wa marehemu. Kesho yake nikaona amevaa viatu vya marehemu. Alikuwa amevichukua chini ya kitanda. Nilipomshika mkono hakuona haya, alinishangaa mimi. « Maman, mwenyewe aliisha kufa. Atavala fasi gani, mu kaburi? » Rachid, mume wa Ramla, alivipokea viatu, lakini tangu siku hiyo mlango wao hufungwa tukipita. Mwenye nyumba naye amesikia, na ananiambia nitafute kwingine.

Mengine unayajua, ya shule na ya ngoma ya kwaya aliyoiuza. Fimbo haikusaidia, maombi hayakusaidia, masista hawakusaidia. Sasa ana miaka ishirini, na mwanawe Chileshe mgongoni. Nimesema mgongoni, lakini ni mgongoni mwangu, si mwake. Akimnyonyesha, simu ya mtu ikilia uani anainuka na kumwacha mtoto kitandani mdomo wazi.

Basi nilimpeleka kwa daktari wa vichwa, mama mmoja wa makamo anayekuja hapa mara mojamoja. Walimlaza kwenye mashine, wakapiga picha ya kichwa. Daktari alinionyesha. Hapa mbele, nyuma ya paji la uso, pale ambapo mimi na wewe tuna ubongo, Myriam ana mfuko wa maji. Ulikuwepo tangu tumboni, au tangu miezi ya kwanza kabla hajajua kukaa. Hakuna aliyekosa, alisema. Si bulozi, si malezi. Hapo ndipo mtu anapojifunzia kuona haya, kuifikiria kesho, kusikia uchungu wa mwenzake. Mtu mzima akiumia hapo bado anakumbuka aliyofundishwa. Aliyeumia kabla ya kufundishwa, mafundisho hayakupata pa kukaa. Alisema pia kwamba si wote wenye mfuko kama huo wanakuwa hivi, ubongo wa mtoto mara nyingine hujitafutia njia. Wa Myriam haukuipata.

Kisha akamuuliza mbele yangu: « Juu ya nini haifae kuiba? »

« Ju banakupiga. »

« Na kama hakuna muntu anakuona? »

Myriam alifikiri kwa bidii, kama mwanafunzi mwema. « Bon, kama hakuna muntu anaona, hakuna mambo. »

Yaya, hakuwa na ubaya wowote usoni. Hicho ndicho kilichonimaliza.

Dawa hakuna. Daktari alinipa neno moja tu: tusimwachie kukisia. Kila kitu aambiwe kwa mdomo, hata kile ambacho mtu hana haja ya kuambiwa. Na mtoto mchanga asiachwe naye peke yake.

Nimechoka. Nipe shauri.

Mdogo wako,
Virginie


Kambove
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Virginie,

Jeannot ameleta karatasi zako nikiwa karakanani, miwani ya kuchomelea kichwani. Nilivyozisoma kwa uso mrefu, wapita njia wakadhani nimeletewa hukumu.

Mfuko wa maji! Wangekipiga picha kichwa changu mimi wangekuta bwawa zima na samaki ndani. Dada yangu, madaktari wakikosa jina la ugonjwa wanapiga picha, nawe unarudi nyumbani na picha badala ya dawa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu amelelewa na mwanamke mmoja mwenye huruma nyingi mno. Sikulaumu. Nasema tu.

Lakini hebu nikuulize. Tangu tumzike baba yake, nani amempulizia Myriam maji? Hakuna. Mimi mjomba wake nilikuwa nakimbizana na vyuma vya watu huku mtoto anatembea bila baraka, kama nyumba isiyo na kufuli. Unashangaa nini basi, kila upepo ukiingia?

Nitakuja Pentekoste. Nitachukua maji mdomoni mbele ya ukoo na kumpulizia kwenye paji la uso, hapohapo penye mfuko wenu, na yote ya nyuma yatakwisha. Kisha nitamchukua yeye na Chileshe waje Kambove. Lydie hajui bado, lakini namjua mke wangu. Miaka yote hii nyumba yetu haijasikia mtoto akilia. Atampokea Chileshe kama mvua ya kwanza.

Pika kuku. Mimi nitaleta mdomo na maji.

Kaka yako,
Donat


Hewa Bora
26 Mei 2024

Yaya,

Nyumba imenyamaza. Nimefua nepi zilizobaki, nikazianika, halafu nikakumbuka kwamba hakuna wa kuzivaa. Nimeziacha kwenye kamba.

Asante kwa kuja. Ulipompulizia maji watu wote walilia, hata Ramla aliyekuwa amesimama ukutani kwake, na Myriam alilia kuliko wote. Shangazi Chisanga akaniambia: « Ona, roho yake imefunguka. » Na mimi nilitaka kuamini, yaya. Nilimwendea nikamkumbatia. Maji yako yalikuwa bado yanamdondoka kidevuni. Akaninong'oneza sikioni: « Maman, kuku tunakula saa ngapi? »

Sikuambii haya ili kuidharau baraka yako. Nakuambia kwa sababu uliondoka kwa haraka, basi likipiga honi, na sikupata nafasi ya kuzungumza na wewe. Lydie lazima ajue. Mwambie aliyoyasema daktari, yote. Mwambie Myriam hana ukali, hatampiga mtoto, hatamtukana; atamsahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli. Mwambie asiende hata kisimani akawaacha wawili hao. Na akimtuma Myriam kazi, asitaje nusu ya kazi akidhani nusu nyingine itajulikana yenyewe. Kwake yeye kisichotajwa hakipo.

Nakuomba, yaya. Ukifanya hili moja sitakuomba lingine.

Virginie


Kambove
9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Acha woga. Ungemwona Myriam! Anaamka mapema, anafagia ua, anawasalimu wateja wangu kwa goti. Mzee Adrien wa parokia ameniuliza kama ameshaposwa. Chileshe amenenepa, Lydie hamshushi mgongoni, anapika naye, anafua naye, hata kanisani anaimba naye huku akimpigapiga makalio kufuata wimbo. Jana nimemkuta mke wangu akicheka peke yake jikoni. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kuhusu hilo uliloniomba, hapana. Nawe unajua kwa nini, usijifanye mtoto. Mjomba akishapuliza maji, neno la nyuma halitajwi tena ndani ya nyumba. Anayelitaja analiita lirudi. Baba alitufundisha hivyo, na babu kabla yake. Nikimwambia Lydie leo kwamba Myriam alikuwa hivi na vile, nitakuwa nimeyanywa maji yangu mwenyewe. Lydie hajui kitu na hatajua kitu. Anampenda Myriam kama mtu mpya, na kupendwa hivyo ndiyo dawa.

Huku tunaendelea. Ubaridi umeanza, tunalala na makoti. Wezi wa Kambove wamenichukulia ile mashine ya kukatia chuma, mchana kweupe, karakana ikiwa wazi. Mji huu umeharibika.

Kaka yako,
Donat


Hewa Bora
16 Juni 2024

Yaya Donat,

Muulize Myriam habari ya mashine yako. Usimkaripie, uliza tu. Akiulizwa sawasawa hafichi.

Nilipofika mahali unaposema Lydie anacheka jikoni nililia, na sijui kama ni kwa furaha. Mimi nimemwona mtoto wangu akifagia ua namna hiyo. Alipokuwa kwa masista alifagia miezi mitatu, mpaka siku ile ya ngoma. Anafagia kwa sababu unamtazama, yaya.

Nataka kumwandikia Lydie mwenyewe, kisha naogopa kukupita wewe, ndugu wasije wakasema Virginie amemvua kaka yake nguo mbele ya mkewe. Basi narudia kwako. Sema naye. Kama huwezi kuyataja ya nyuma, mwambie tu ya mbele: asimwache mtoto na mama yake. Maneno hayo hayaiti kitu chochote kirudi.

Nijibu kupitia Jeannot. Nitamngoja kituoni.

Virginie


Kambove
28 Julai 2024

Wifi yangu Virginie,

Ulipokuja kumzika Chileshe hatukupata nafasi ya kukaa wawili. Watu walikuwa wengi, na Donat alikuwa kila mara katikati yetu. Nakuandikia kwa sababu wewe ni bibi wa mtoto, na una haki ya kusikia kutoka kwangu, si kwa watu wa barabarani.

Asubuhi ile ilikuwa zamu yangu kusafisha kanisa pamoja na akina mama. Kila mara nilimbeba Chileshe, lakini siku hiyo alikuwa na kikohozi na upepo ulikuwa mbaya, nikaona heri alale. Maharage yalikuwa juu ya mbabula, lile jiko la makaa, nje. Nikamwambia Myriam: « Miye naenda ku kanisa. Angalia maharagi, isiungue. » Nikaenda.

Myriam alitaka kusukwa nywele kwa Syntiche, ng'ambo ya barabara. Akahofu mtu atapita na kubeba sufuria. Basi akaiingiza mbabula chumbani, makaa yakiwaka, akafunga dirisha, akafunga mlango kwa ufunguo. Humo ndimo mtoto alimolala. Wifi, maharage hayakuungua. Syntiche anasema Myriam aliinuka mara mbili katikati ya kusukwa akaja kuyaongezea maji. Alipita kando ya kitanda mara mbili.

Niliporudi nilimkuta kizingitini na sahani, kichwa kimesukwa upande mmoja.

« Mama Lydie, maharagi iliiva muzuri. »

« Na mutoto? »

« Iko analala. Leo hata kulia hakulia. »

Mengine umeyasikia. Hatukuona moshi, makaa hayo huua bila moshi wa kuonekana. Nesi alisema alilala tu, hakuteseka. Sijui wanawaambia wangapi hivyo.

Nilimshika Myriam mabega nikamtikisa. « Juu ya nini uliacha mutoto na mbabula mu nyumba? » Alinitazama usoni, hakuogopa. « Mama Lydie, uliniambia niangalie maharagi. Ya mutoto hukusema kitu. »

Na ni kweli. Sikusema. Nani anamwambia mama amwangalie mtoto wake?

Polisi walikuja, wakaandika ni ajali, wakaenda. Lakini wewe mwenyewe ulimwona kilioni akiwagawia watu chai na kuwatabasamia, akiuliza nani hajapata sukari. Tangu siku hiyo watu wananong'ona, na watu wa chumba cha maombi cha barabara ya juu wanasema waziwazi: mulozi, amemla mtoto wake. Jiwe moja limeshatupwa juu ya bati letu.

Jambo moja linanikosesha usingizi. Pale kaburini ulinishika mkono ukasema: « Lydie, nisamehe, nilijua. » Nilidhani ni uchungu unaozungumza. Sasa nakuuliza. Ulijua nini?

Wifi yako,
Lydie


Hewa Bora
4 Agosti 2024

Wifi yangu Lydie,

Sitakudanganya, hata kama ukweli huu utaangusha nyumba yenu.

Myriam alizaliwa na kasoro ndani ya kichwa, mbele, mahali pa kumfikiria mwenzako. Daktari aliniambia mwezi wa nne. Alisema mtoto asiachwe naye peke yake, na Myriam aambiwe kila kitu, hata kile ambacho mama hana haja ya kuambiwa. Nilimwandikia Donat kabla ya maji. Baada ya maji nilimwandikia mara mbili, nikimwomba akuambie. Alikataa, kwa sababu aliamini kwamba kuyataja ni kuyaita. Hakukuficha kwa ubaya. Alikuwa anailinda baraka yake.

Mimi nilitaka kukuandikia moja kwa moja nikaogopa kumpita kaka yangu. Heshima yangu hiyo tumeizika pamoja na mtoto.

Wewe huna kosa. Uliongea na Myriam kama mtu anavyoongea na mtu. Mimi nimeishi naye miaka ishirini na bado kuna siku nasahau, nasema nusu ya neno na kungoja nusu nyingine ifike yenyewe.

Na huyo wanayemwita mulozi, Lydie, ni mwanangu. Mlozi anajua anachokula. Myriam hata leo hajui kwamba amepoteza kitu. Nashindwa kuamua lipi ni baya zaidi.

Mama yake Myriam,
Virginie


Kambove
18 Agosti 2024

Virginie,

Lydie amekwenda Likasi kwa dada zake. Alisoma barua yako mbele yangu, kwa sauti, neno kwa neno, halafu akakunja kile kitambaa alichokuwa anambebea mtoto akakiweka mezani, akatoka. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Nilikaa karakanani na Myriam. Nikamuuliza, kwa upole kama ulivyoandika: « Mashine yangu ya kukata chuma iko wapi? » Akanijibu mimi mjomba wake palepale: « Niliuzisha, Yama. Kwa bale bachimbaji. » Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. « Hukuniuliza. » Basi. Yote yalikuwa hapo, mkononi mwangu, tangu mwezi wa sita. Ningeuliza swali moja dogo la mashine ningejua kwamba maji hayakushika. Sikuuliza, dada yangu, kwa sababu nilikuwa najua jibu. Wezi wa Kambove! Nilikuandikia hivyo bila haya.

Nilijaribu kumpulizia tena. Nilichukua maji mdomoni mbele yake, akafumba macho na kuinua uso vizuri, kama alivyofundishwa, nami nikashindwa. Nikayameza. Sina maji tena, Virginie. Mimi ni fundi wa vyuma tu.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya pili ya Septemba tunaondoa kilio na kumaliza matanga. Lydie atakuja, na ndugu zake, na mtaa mzima, na wale wa chumba cha maombi watasimama barabarani. Wote watamtazama Myriam tu. Akicheka, au akiuliza nyama, siwezi kuwazuia watu. Mzee Adrien na mimi ni wawili. Kumrudisha kwako siwezi. Unasema mwenye nyumba amewaapia kuwatoa, na Hewa Bora nako habari imefika. Hana pa kwenda isipokuwa hapa, na hapa wanamngoja.

Ulisema aambiwe kila kitu. Mimi sijui niseme nini. Wewe unajua. Njoo.

Donat


Hewa Bora
1 Septemba 2024

Mwanangu Myriam,

Siwezi kuja. Tension ya damu imenilaza, mguu wa kushoto haunisikii, na daktari amenikataza safari. Ramla amenifungulia mlango tena, ndiye anayenipikia. Basi nakuandikia yote, na Yama wako atakusomea kila siku mpaka uyashike.

Siku ya kuondoa kilio utavaa kitenge cheusi na kujifunga kitambaa kichwani. Nywele zisionekane zimesukwa. Mama Lydie akifika, usimkimbilie. Nenda polepole, piga magoti, mshike miguu, sema: « Mama, mtoto wetu. » Usiseme kitu kingine. Akikusukuma, baki chini. Akikupiga, usiulize kwa nini.

Mbele ya watu usicheke, hata mtu akianguka, hata mbuzi akiingia misani. Usiulize chakula. Wakikupa, kula kidogo na uache nusu, hata kama una njaa. Yama atakuwekea kingine ndani. Usimgawie mtu chai. Wanawake wakianza kulia, inamisha kichwa na ujifunike uso. Machozi yakija, yaache. Yasipokuja, usijitahidi, jifunike tu. Mtu akikuita mulozi, nyamaza.

Kaburini utashika udongo kwa mkono wa kuume, utautupa taratibu, utasema jina lake. Chileshe. Na baada ya hapo, kila asubuhi nenda kaburini, fagia majani, kaa kidogo, sema jina lake, kisha rudi. Kila asubuhi, Myriam, ili watu wanaopita kwenda machimboni wakuone.

Na mtu akikuuliza kama ulimpenda mtoto wako, sema ndiyo.

Nilipokuwa nakuogesha ukiwa mdogo ulikuwa unapenda nikumwagie maji kichwani, unafumba macho, unacheka. Hilo halina maagizo. Nimeandika tu.

Mama yako


Kambove
6 Oktoba 2024

Maman,

Natumaini mguu unakusikia. Mimi niko vizuri, ubaridi umekwisha. Yama hachomelei sana siku hizi, anakaa tu.

Nilifanya yote. Nilivaa kitenge, nilipiga magoti, nilisema « Mama, mtoto wetu ». Mama Lydie alinitazama. Halafu alikaa chini pamoja nami akalia, akaniegemea mabegani, mpaka magoti yakaniuma. Sikuinuka kwa sababu ulisema nibaki chini. Nyama niliacha nusu. Mbuzi hakuingia. Mwanamke mmoja wa chumba cha maombi aliniuliza kama nilimpenda Chileshe, nikasema ndiyo, akaanza kulia naye, na wale wengine wakaondoka barabarani. Yama alisema umeniokoa. Mama Lydie alirudi Likasi na kile kitambaa cha kumbebea Chileshe.

Kaburini nakwenda kila asubuhi. Nafagia, nakaa, nasema jina. Mwanzo watu walikuwa wanasimama kunitazama, na mama mmoja alinipa ndizi. Lakini sasa wamefungua njia nyingine ya kwenda machimboni, kule chini, na huku juu hapiti tena mtu. Ni mimi tu na majani.

Maman, hilo hukuliandika. Kama hakuna mtu anayeniona, niendelee au niache? Jeannot anapita Alhamisi, mpe jibu.

Mwanao,
Myriam